Anakuuliza au anakuambia?

SEHEMU YA 1: Benchi la kliniki

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo nataka tuongee kuhusu kuongea kwenyewe. Ni ndefu kidogo, nimeigawa sehemu tano, soma huku unanyonyesha.

Juzi kliniki alikuja binti mmoja na mtoto wa miezi tisa, kasindikizwa na mama mkwe wake. Bibi ni wa huku kwetu mlimani kabisa, kitenge, kilemba, na ndizi zake kwenye kikapu za kupeleka kwa mtu mjini. Namuuliza binti maswali ya kawaida, ananijibu: "Juzi alikuwa na joto? Halafu jana usiku akaanza kuharisha? Kama mara nne hivi?" Kila sentensi mwishoni inapanda. Mara ya kwanza nilisubiri nijibu swali, kumbe hakuna swali, ananieleza.

Bibi akavumilia, akavumilia, mwisho akanigeukia: "Aisee nesi, huyu anakuuliza au anakuambia?"

Benchi zima likacheka. Binti hakucheka. Akashusha macho, na maswali yangu yote yaliyofuata akajibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Ule ukimya naujua. Kuna mwaka niliusababisha mimi mwenyewe, tena kwa mama aliyekuja na mtoto mgonjwa kweli. Nitawasimulia sehemu ya 4. Kwanza niwe mkweli: bibi ana hoja. Kwenye Kiswahili, "Amenyonya" na "Amenyonya?" ni neno lile lile, herufi zile zile. Usipoweka "je" wala "eti", kinachotofautisha habari na swali ni sauti tu. Kwa hiyo mtu akipandisha sauti kila mahali, masikio yanachoka.

Na mimi nina yangu yanayonikera. "Anakulaga." "Analalaga." Kiingereza kila baada ya maneno matatu. Kijana anayeingia chumba cha daktari na "mambo" badala ya shikamoo. Mnanijua, nakunja uso.

Ila juzi nimerudi nyumbani nikajiuliza: hiki Kiswahili ninachokilinda kwa ukali hivi, kilifikaje huku mlimani? Na nani alisema hiki ndicho kizuri? Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Kiswahili kilipokuwa lugha ya wageni

Bibi wa bibi yako, kama alikuwa wa huku, hakusalimiwa shikamoo. Alisalimiwa kwa Kichagga, na Kichagga chenyewe si kimoja. Kuna Kimachame, Kikibosho, Kiuru, Kivunjo, Kirombo na vingine. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakikutana, kila mmoja akiongea cha kwao, wanapata kazi kuelewana.

Na kuna jambo moja kuhusu Kichagga ambalo wengi tunaoishi nacho hatujawahi kuliwaza: ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka ndani ya neno, maana inaweza kubadilika. Kiswahili hakina hiyo, chenyewe kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Ndiyo maana nadhani sikio la bibi aliyekulia Kichagga ni kali kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Kwake sauti ni sehemu ya neno. Wewe unasikia mbwembwe tu, yeye anasikia umesema kitu kingine.

Kiswahili kilipanda mlima na misafara ya biashara iliyotoka Pangani na Mombasa. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika huku mwaka 1848 na kuuona mlima wenye theluji, aliyemwongoza njia alikuwa mtu wa Pwani, Bwana Kheri. Kiswahili kilikuwa lugha ya wapita njia. Unakitumia kununua na kuuza, halafu unarudi kihambani kuongea cha kwenu.

Wakaja Wajerumani, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walishika Kichagga. Mmoja wao, Johannes Raum, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kichagga cha Moshi mwaka 1909. Mwenzake Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake huku akiandika mila na sheria za Wachagga. Gutmann aliamini kwamba mtu hushikiliwa na ukoo, majirani na rika lake, na aliogopa mambo ya mjini yatakata kamba hizo. Kwa wamisionari wengi wa Kijerumani Kiswahili kilikuwa lugha ya Pwani, ya biashara na ya Uislamu. Hawakutaka kiingie kanisani. Wakatoliki waliofungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wametokea Bagamoyo, wao Kiswahili walikuwa nacho tayari.

Serikali ya Kijerumani ilitaka kitu kingine. Ilitaka makarani. Ikafungua shule Tanga, ikafundisha Kiswahili kwa herufi za Kizungu, na waliohitimu wakaenda kushika kalamu maofisini. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi. Sasa hebu piga picha: kijana ameshuka na treni, ana hela mfukoni, anaongea Kiswahili cha Tanga mbele ya wazee wanaokunywa mbege. Unadhani walimtazamaje? Mimi nadhani walimtazama kama bibi wa juzi alivyomtazama mkwe wake.

Halafu angalia muda unavyofanya kazi. Mwaka 1947 kilitoka kitabu cha Petro Itosi Marealle, mangi, kinachoeleza maisha na mila za Mchagga tangu kuzaliwa mpaka ahera. Kimeandikwa kwa Kiswahili. Lugha iliyoogopwa kwamba itaua mila ndiyo iliyotumika kuzitunza mila. Kutoka Leipzig kufika mpaka kitabu hicho ni miaka 54 tu, umri wa mama yangu mdogo.

SEHEMU YA 3: "Sanifu" iliamuliwa mezani

Wengine mnawaza: sawa nesi, lakini Kiswahili fasaha kipo, kimekuwepo siku zote, na watoto wa siku hizi wanakiharibu. Hebu tuone.

Mwaka 1928 Waingereza walikaa mkutano Mombasa. Walitaka vitabu vya shule vya aina moja kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Swali lilikuwa: Kiswahili cha wapi? Mombasa wana Kimvita chao, chenye mashairi ya miaka mingi. Unguja wana Kiunguja. Mkutano ukachagua Kiunguja. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kamati ya lugha ya nchi hizo nne, Frederick Johnson akiwa katibu, na mwaka 1939 yakatoka makamusi. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wa kamati ile walikuwa Wazungu.

Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyesema "matozi" tangu anazaliwa akaambiwa kitabuni ni "machozi". "Ndia" ikawa "njia". "Kuteka" ikawa "kucheka". Hakuwa amekosea chochote. Kilichobadilika ni meza iliyoamua. Wapo watu wa Mombasa ambao jambo hilo linawauma mpaka leo.

Sasa chungulia maneno yako mwenyewe. "Shule" ni Kijerumani. Zanzibar wanasema skuli mpaka kesho. "Hela" ni sarafu ya Wajerumani, waliileta mwaka 1904. "Meza" na "leso" tuliachiwa na Wareno. "Marahaba" unayoitikia shikamoo ni Kiarabu. "Nesi" mnaloniita ni Kiingereza kilichovaa kitenge, kitabuni mimi ni muuguzi. Na "aisee"! Jamani, aisee ya Moshi na Arusha, aisee tunayotambulishwa nayo nchi nzima, ni maneno mawili ya Mwingereza yaliyounganishwa. Bibi wa juzi alianza kumsema mkwe wake kwa neno la mkoloni, na hakuna aliyeshangaa. Neno likishakaa siku nyingi linakuwa la kwetu.

Na sisi tumewapa wengine pia. "Mangi" alikuwa mtawala huku mlimani. Leo nenda Dar, Mwanza, popote, mangi ni mwenye duka, hata kama ni Mngoni. Sijui wazee wa zamani wangesemaje kusikia cheo cha mtawala kinaitiwa chumvi ya mia mbili.

Baada ya uhuru Kiswahili kikapewa heshima yake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge kwa Kiswahili, nchi ilipokuwa Jamhuri. Mwaka 1967 serikali ikaagiza shughuli zake zifanyike kwa Kiswahili, shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili, na BAKITA ikaundwa. Kwa hilo mimi nashukuru sana. Muuguzi kutoka Songea anaweza kumhudumia mama wa Rombo usiku wa manane bila mkalimani. Hiyo si kitu kidogo, inaokoa watu.

Ila kulikuwa na gharama. Sisi tuliosoma msingi huku mlimani tunakumbuka fimbo za kuongea kilugha darasani. Leo mwanangu analipiwa ada na marafiki zake wanakatazwa kuongea Kiswahili kwenye uwanja wa shule, waongee Kiingereza. Bibi alichapwa kwa Kichagga, mjukuu anakemewa kwa Kiswahili. Ukikaa katikati yao kama mimi unaona kitu kimoja: kila kizazi kilipewa lugha kikaambiwa hii ndiyo ya heshima, halafu kikawakasirikia wanaokuja nyuma.

SEHEMU YA 4: Ile "ga" niliyoifuta

Hii ndiyo niliyoahidi. Sipendi kuisimulia.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye zahanati moja huku juu, jina tuliache. Asubuhi ya baridi, foleni mpaka nje. Akaingia mama mdogo, ana kama miaka 19, mume alikuwa amemtoa Kanda ya Ziwa. Mtoto wa miezi saba mgongoni. Akaniambia, "Nesi, anakohoaga usiku. Halafu akilala anapumuaga haraka haraka."

Na mimi nimechoka, na hiyo "ga" inanikera tangu niko chuo. Nikamwambia, "Mama, Kiswahili gani hicho? Hakuna anakohoaga. Sema anakohoa."

Akaniangalia. Akasema, "Anakohoa."

Nikaandika: kikohozi. Nikamuuliza, kuna kingine? Akasema hapana. Nikampa dawa ya kushusha homa, nikamwambia akizidiwa umrudishe. Sikuhesabu pumzi za yule mtoto. Nilijitetea kwamba foleni ni ndefu.

Siku ya tatu alirudishwa. Kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, ziwa halitaki, amelegea. Nimonia. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa zaidi ya wiki moja. Mungu alisaidia akapona, sasa hivi anasoma shule ya msingi. Mama yake huwa ananisalimia sokoni, tena kwa heshima. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Ni baadaye kabisa nilipoelewa alichokuwa ameniambia. "Anakohoa" ni sasa, labda leo, labda jana. "Anakohoaga" ni kila usiku, siku nyingi, ni tabia ya ugonjwa. Yule mama alinipa historia yote ya ugonjwa kwa herufi mbili, nami nikamwambia azifute. Akazifuta. Na baada ya hapo hakuniamini tena kunipa kitu kingine.

Sasa hiyo "ga" imetoka wapi? Si uvivu wa vijana wa Dar. Ipo kwenye Kisukuma na Kinyamwezi, na wanaolinganisha lugha za Kibantu wanasema kiambishi cha namna hiyo kilikuwepo kwenye lugha mama ya Kibantu, kabla hazijagawanyika. Kiunguja hakina. Ni ya kale kuliko kamati ya mwaka 1930, ya kale kuliko kamusi. Watu wa bara walipokipokea Kiswahili, walikipachika walichokuwa nacho nyumbani.

Tena inafanya kazi. Kiswahili sanifu kwa mazoea kinatumia "hu": hukohoa. Nzuri, fasaha, nami naitumia nikiandika. Lakini "hukohoa" haisemi nani, mimi, wewe au mtoto, mpaka utaje. "Anakohoaga" inasema ni nani, na inasema ni mazoea, kwa neno moja. Sisemi mwandike hivyo kwenye mtihani wa darasa la saba. Kwenye mtihani mwalimu atafuta na atakuwa na haki. Nasema kliniki si mtihani.

SEHEMU YA 5: Sauti inayopanda

Turudi kwa binti wa juzi na sentensi zake zinazopanda.

Msidhani ni Moshi tu. Marekani mwaka 1993 mwandishi James Gorman aliandika kwenye gazeti la New York Times akilalamika kwamba wanafunzi wake wanamaliza kila sentensi kama swali. Kilichofurahisha, alijikuta na yeye ameanza! Huko pia waliosemwa zaidi ni wasichana, wakaambiwa hawajiamini. Wataalamu wa lugha waliposikiliza vizuri waliona mara nyingi si hivyo. Anayepandisha sauti anakagua: umenielewa? niendelee? tuko pamoja? Ni kama sisi watu wazima tunavyoweka "eeh" na "si unajua" katikati ya habari.

Sasa mfikirie binti wa miaka 20 mbele ya nesi aliyevaa sare, mama mkwe pembeni, na benchi linasikiliza. Anakagua kama nipo naye. Nami badala ya kumjibu "ndiyo, endelea", tukamcheka.

Nilifanya hivi. Nilipomaliza kupima uzito nilimwita ndani peke yake na mtoto. Nikaanza kuitikia: mmh, jana usiku, mara nne, endelea. Akamwaga yote. Mtoto hajakojoa tangu alfajiri. Machozi hayatoki akilia. Hayo mbele ya bibi hakuyasema. Tulianza ORS na zinki pale pale, tukakaa naye mpaka mchana, jioni akaenda nyumbani anacheza.

Kwa hiyo, mama zangu, ukija kliniki:

Ongea kama unavyoongea nyumbani. "Ga", sauti inayopanda, Kichagga ukikwama, vyote vilete. Mimi kazi yangu ni kuelewa.

Taja lini ilianza, mara ngapi kwa siku, na nini mtoto alikuwa anafanya ambacho sasa hafanyi.

Nesi akikukatisha, mwambie, "Sista, sijamaliza." Si utovu wa adabu.

Usisubiri siku ya kliniki kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au kifua kinabonyea ndani. Pumzi unaweza kuhesabu mwenyewe, mtoto akiwa ametulia, dakika nzima: miezi 2 hadi 11, zikifika 50 ni haraka mno, mwaka 1 hadi miaka 5, zikifika 40. Hapo mlete, hata usiku.

Kwa bibi zetu, na huyu namsemea kwa upendo kwa sababu bibi ndiye anayebeba mtoto mgongoni mama akienda shambani: shikamoo bibi. Una haki ya kukereka. Na wewe uliwahi kuambiwa unaongea vibaya, tena kwa fimbo. Mrekebishe mkwe mkiwa jikoni mnamenya ndizi za mtori, usimrekebishe mbele ya nesi. Na huyo mjukuu mfundishe Kichagga, maana sisi wazazi wake tumeshindwa.

Kwa manesi wenzangu: ukiwa huna hakika kama anauliza au anasema, rudia alichosema. "Kwa hiyo jana usiku, mara nne." Akiwa ameuliza utajua, akiwa amesema utajua. Inachukua sekunde tatu. Mimi mwaka ule sikuwa nazo.

Bado "anakulaga" inanikera, sitawadanganya. Nikiisikia, kuna kitu kinashtuka ndani. Siku hizi kikishtuka tu nachukua kalamu, nauliza, "Tangu lini?"

Kesho narudi kwenye uji wa lishe. Usiku mwema.